Mwili Unapokataa Manukato: Ulinganisho wa Njia Nne

Kwa mtu wa pwani, harufu nzuri si pambo la ziada. Mgeni hukaribishwa kwa mrashi, nguo za Ijumaa hufukizwa udi, bibi harusi husingwa kwa liwa na singo, na mwanamke anayekwenda shereheni huvaa kikuba cha asumini na rihani. Ndiyo maana anayeambiwa na daktari kwamba ana mzio wa manukato huona kana kwamba amekatazwa jambo kubwa kuliko chupa ya marashi. Ushauri wa "acha kutumia" ni mwepesi kuutoa, lakini haumwambii aogee sabuni gani, atie nini kwapani, wala afanye nini chetezo kinapopitishwa sebuleni kwa wakwe zake.

Watu walio katika hali hiyo kwa kawaida hushika mojawapo ya njia nne: kununua bidhaa zilizotengenezwa bila manukato, kurudi kwenye vitu vichache vya nyumbani visivyotiwa harufu, kuhamia manukato ya mimea yanayoitwa ya asilia, au kupimwa na kisha kubagua kile tu kinachowadhuru. Makala hii inazilinganisha njia hizo kwa ajili ya mtu ambaye bado hajaamua.

Anayelalamika ni ngozi au ni kifua?

Neno "aleji" hubeba mambo mawili yanayohitaji tahadhari tofauti. La kwanza ni mzio wa ngozi unaotokana na kugusa. Kinga ya mwili huihesabu kemikali fulani iliyomo katika manukato kuwa ni adui, na tangu hapo kila kemikali hiyo inapoigusa ngozi huzuka mwasho, vipele, ukavu na mipasuko. Mzio huu una tabia ya kuchelewa, kwa kuwa dalili mara nyingi hujitokeza baada ya siku moja hadi tatu. Marashi yaliyopakwa shingoni siku ya Ijumaa yanaweza kuwasha Jumapili, na lawama yote ikaangukia sabuni iliyofunguliwa Jumapili asubuhi. Tena ukishaingia, kwa kawaida hauondoki: vipele hupona, mzio hubaki. Miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya humwambia msomaji atafute wekundu, lakini katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Kinachoonekana ni weusi uliokolea, au rangi ya kijivu au ya zambarau, ngozi kuwa nene, na baadaye alama nyeusi inayoweza kukaa kwa miezi. Hapo ndipo wengi hukimbilia mkorogo ili kuifuta alama, na kuichoma upya ngozi ambayo tayari imechoka.

La pili ni njia ya hewa: chafya, machozi, kichwa kuuma, na kwa mwenye pumu, kifua kubana. Mara nyingi hili si mzio kwa maana ya kitabibu bali ni mwasho wa njia ya hewa, na huja ndani ya dakika chache, awe aliyejipaka ni wewe au ni abiria wa kiti cha mbele. Tofauti hii ndiyo inayoamua mengi katika ulinganisho unaofuata, kwa sababu mwenye shida ya ngozi hudhuriwa hasa na anachojipaka mwenyewe, ilhali mwenye shida ya kifua hudhuriwa pia na wanachojipaka wenzake.

Kila njia basi itapimwa kwa vigezo vinne: inavyoilinda ngozi, inavyokilinda kifua, upatikanaji na gharama zake, na jinsi inavyomwezesha mtu kuishi na watu bila kujitenga.

Njia ya kwanza: bidhaa za dukani zisizo na manukato

*Ngozi.* Kwa mtu asiyejua ni kiambato gani kinachomdhuru, hii ndiyo ngao pana zaidi, ilimradi asome lebo kwa makini. Penye neno "Parfum" au "Fragrance" katika orodha ya viambato pana manukato, hata kama mbele ya chupa pameandikwa vinginevyo. Bidhaa iliyoandikwa "unscented" (isiyo na harufu) inaweza kuwa imetiwa manukato kidogo ili kufunika harufu ya viambato vingine, na kwa hiyo maneno ya kutafuta ni "fragrance free" (bila manukato), kisha orodha yenyewe isomwe ili kuthibitisha. Neno "hypoallergenic", yaani isiyoelekea kuleta mzio, lisimtulize mtu, kwa kuwa si hakikisho kwamba manukato hayamo. Ikumbukwe pia kwamba losheni isiyo na manukato bado ina vihifadhi, na vihifadhi navyo huleta mzio kwa baadhi ya watu. Anayeendelea kuwashwa baada ya kuacha kila chenye harufu avitazame hivyo kabla ya kukata tamaa.

*Kifua.* Msaada wake ni wa ndani ya nyumba, na hukamilika tu iwapo sabuni ya unga na dawa ya kulainishia nguo nazo zitabadilishwa. Watu wengi hubadilisha losheni na kusahau kwamba shuka wanalolalia kwa saa nane limefuliwa kwa sabuni yenye harufu kali kuliko marashi yoyote waliyoyaacha.

*Duka na mfuko.* Bidhaa hizi hupatikana zaidi katika maduka ya dawa ya miji mikubwa, na bei zake kwa kawaida huzidi za losheni za kawaida. Ipo hata hivyo njia ambayo wengi hawaifikirii. Kwa kuwa aliyehirimia hija au umra hatumii manukato, wauzaji wa vifaa vya mahujaji huuza sabuni na vitu vingine vya usafi visivyotiwa harufu, na hakuna anayemzuia asiyesafiri kuvinunua, ingawa lebo zake nazo zisomwe kama nyingine.

*Watu.* Hakuna atakayejua, na hilo lina uzuri wake. Wanaoogopa kwamba watadhaniwa ni wachafu wakumbuke kuwa Kiswahili kimeshatenganisha kunuka na kunukia: asiyenukia hanuki.

Njia hii inamfaa aliyegunduliwa karibuni, anayesubiri kupimwa, na mzazi wa mtoto mwenye ukurutu. Haimridhishi sana anayeishi mbali na miji.

Njia ya pili: vitu vichache vya nyumbani

*Ngozi.* Nguvu ya njia hii ni uchache wa viambato, kwa sababu palipo na viambato viwili watuhumiwa nao ni wawili. Mafuta ya mgando yaliyo safi karibu hayana kinachoweza kuleta mzio, na huzuia ngozi kupoteza maji. Mtego uko katika jeli za watoto, ambazo wengi huzinunua wakidhani kuwa cha mtoto lazima kiwe cha upole, ilhali baadhi yake zimetiwa harufu tamu tangu kiwandani. Mafuta ya nazi nayo hulainisha vizuri, lakini yawe ya nazi tupu. Yale ya nywele yenye harufu ya asumini ni manukato yaliyovaa jina la nazi. Udhaifu mkubwa wa njia hii ni sabuni ya kipande. Hata isipokuwa na harufu, ukali wake wa alkali huwa karibu 9 hadi 10 katika kipimo cha pH, kinachopima asidi na alkali, wakati ngozi hupenda karibu 5, kwa hiyo huikausha, na ngozi iliyokauka hupenyeka kwa urahisi zaidi na kila kinachoigusa baadaye. Anayeitumia aitumie pale penye uchafu na jasho, asijisugue mwili mzima mara tatu kwa siku, na ajipake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu.

Kwapani watu wa zamani walitumia shabu, nayo bado inafanya kazi: kipande huloweshwa na kupitishwa kwapani baada ya kuoga, hupunguza bakteria wanaoleta harufu, na hakina manukato. Huchoma ikipakwa mara tu baada ya kunyoa. Kuhusu limau, ambalo bado linasifiwa sana vijiweni, msimamo wangu ni wa kukataa kabisa: maji ya limau yakibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, yanaweza kuleta malengelenge na madoa meusi yanayodumu kwa wiki nyingi.

*Kifua.* Hapa njia ya pili haina mpinzani, kwa kuwa hakuna kinachoruka hewani.

*Duka na mfuko.* Ni rahisi na inapatikana mpaka kwenye genge la mwisho la mtaa. Tatizo ni vitu vinavyouzwa kwa kipimo katika chupa zisizo na lebo, ambapo hakuna wa kumwuliza kilichochanganywa. Mafuta ya nazi yaliyokamuliwa nyumbani huondoa shaka hiyo.

*Watu.* Jasho ndilo mtihani. Shabu hupunguza harufu lakini haizuii jasho lenyewe, na anayeshinda juani Mombasa au Dar es Salaam wakati wa kiangazi atahitaji kuoga na kupaka tena mchana.

Inamfaa mwenye kipato kidogo, mwenye ngozi inayokataa karibu kila kitu, na asiyependa kusoma lebo.

Njia ya tatu: manukato ya mimea

*Ngozi.* Hii ndiyo njia inayovutia wengi na ndiyo inayohitaji maelezo marefu, kwa sababu imejengwa juu ya dhana kwamba kinachodhuru ni cha kiwandani na kinachotoka shambani ni salama. Kinga ya mwili haiulizi kitu kimetoka wapi. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni eujenoli, na eujenoli ni miongoni mwa vitu vinane vilivyomo katika mchanganyiko ambao madaktari wa ngozi wameutumia tangu miaka ya 1970 kupimia mzio wa manukato. Mchanganyiko huohuo una kemikali inayoupa mdalasini ukali wake, pamoja na jeraniyoli inayopatikana katika waridi. Mchanganyiko wa pili uliokuja baadaye una sitrali, ambayo ndiyo harufu ya mchaichai. Asumini na mlangilangi navyo vimo katika orodha za mimea inayojulikana kwa kuleta mzio. Mtu akizisoma orodha hizo akiwa Pemba au Unguja huenda akadhani anasoma majina ya mazao ya jirani yake.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hulitaja mara chache. Mafuta ya maganda ya machungwa na ya limau yana limonini, na mafuta ya mrujuani (lavender) yana linaluli; zikiwa mpya kemikali hizi mbili ni dhaifu katika kuleta mzio, lakini zikikutana na hewa hubadilika na kuwa kali zaidi. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana na kuachwa nusu dirishani ni hatari kuliko ilipokuwa mpya, hata kama harufu yake bado inapendeza.

Pamoja na hayo, haki ya njia hii isipotee. Sabuni yenye mafuta ya karafuu hukaa mwilini dakika moja kisha ikaoshwa, wakati mafuta ya karafuu yanayopakwa na kulaliwa hukaa usiku kucha, na tofauti hiyo ni kubwa kwa mwenye mzio mwepesi. Tena wapo ambao mzio wao ni wa kemikali ya kiwandani isiyopatikana katika mmea wowote. Mfano ni ile iliyouzwa kwa jina la Lyral, ambayo Umoja wa Ulaya uliizuia katika bidhaa mpya mwaka 2019 na kuiondoa madukani kabisa mwaka 2021 kwa sababu ya mzio. Mtu wa namna hiyo anaweza kukaa vizuri na waridi na udi maisha yake yote.

*Kifua.* Moshi ni moshi. Udi juu ya makaa hutoa chembe ndogo zinazoingia mapafuni, ubani vilevile, na kuwa kwake wa asilia hakumsaidii mwenye pumu. Chembe hizo pia hutua kwenye kope, ambako ngozi ni nyembamba, na baadhi ya watu huvimba macho bila kugusa chochote. Kikuba kibichi ni nafuu kuliko chetezo, ingawa si kwa kila mtu.

*Duka na mfuko.* Bei hutofautiana mno, tangu kikuba cha sokoni hadi tola ya mafuta ya udi. Faida kubwa iko kwa watengenezaji wadogo, kwa mfano kina mama wanaotengeneza sabuni za mwani Zanzibar, ambao huzitia karafuu, mchaichai au mdalasini kwa mikono yao. Mtengenezaji wa namna hiyo anaweza kukwambia alichotia, na anaweza kukutengenezea vipande visivyotiwa harufu ukimwomba mapema. Kiwanda hakifanyi hivyo.

*Watu.* Hakuna njia inayomwacha mtu ndani ya ada zake kama hii.

Inamfaa yule tu ambaye amekwisha kujua kwamba kinachomdhuru hakimo katika mimea anayoitumia, au ambaye tatizo lake lilikuwa ukali wa spiriti ya marashi na si mzio. Asiyejua asianzie hapa.

Njia ya nne: kupimwa na kubagua

*Ngozi.* Daktari wa ngozi hubandika mgongoni viraka vidogo vyenye vitu vinavyoshukiwa, huviacha saa 48, huvitoa na kuangalia, kisha huangalia tena baada ya siku nyingine moja au mbili, na wakati mwingine baada ya wiki, kwa sababu mzio huu huchelewa kujitokeza. Katika muda huo mgongo haulowi wala hautoki jasho jingi, na kwa hiyo msimu wa baridi unafaa zaidi kuliko Februari. Katika ukanda wetu mahali pa kuanzia kuulizia ni hospitali kubwa za rufaa zenye idara ya ngozi. KCMC mjini Moshi, kwa mfano, ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachowafundisha wataalamu kutoka nchi mbalimbali za Afrika.

Matokeo yake ni orodha ya majina, na thamani ya orodha hiyo hutegemea lebo. Bidhaa zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya zimelazimika tangu mwaka 2005 kutaja viambato 26 vya manukato vinavyojulikana kuleta mzio pale vinapozidi kiwango kilichowekwa, na kanuni ya mwaka 2023 imeongeza idadi hiyo kupita 80, ikianza na bidhaa mpya mwishoni mwa Julai 2026. Mwenye mzio wa eujenoli anaweza basi kuisoma chupa hiyo na kuamua. Chupa inayosema "Parfum" peke yake haibaguliki, na mwenye orodha mkononi atalazimika kuiacha kama asiye na orodha.

*Kifua.* Karibu haisaidii, kwa kuwa viraka hupima ngozi.

*Duka na mfuko.* Gharama huja mwanzoni, pamoja na nauli na siku za kurudi kliniki mara mbili au tatu. Baadaye mtu hununua kwa uhuru zaidi na hutupa vichache.

*Watu.* Anayejua jina la adui yake anaweza kusema "udi sawa, karafuu hapana" badala ya kukataa kila kitu na kuonekana ana makuu. Anaweza pia kuhamishia harufu kwenye nguo. Kanzu ya Kiomani ina kishada shingoni ambacho kwa desturi hutiwa manukato, nacho huning'inia nje ya vazi. Pindo la buibui au ncha ya mtandio hufanya kazi hiyohiyo. Kitambaa kinachobana mwili hakifai, kwa sababu jasho huirudisha harufu kwenye ngozi.

Inamfaa ambaye vipele vimemsumbua kwa miezi, na ambaye kazi au ada zinamlazimisha kuwa karibu na manukato. Mwenye shida ya kifua peke yake asitumie fedha zake hapa.

Kwa hali yako

Ikiwa ni ngozi tu na hujui chanzo, anza na ya kwanza au ya pili kwa wiki sita hadi nane bila kuchanganya, kisha rudisha bidhaa moja baada ya nyingine. Losheni au mafuta ya kubaki mwilini hujaribiwa kwa kupaka kiasi kidogo, mara mbili kwa siku, pahali pamoja ndani ya kiwiko kwa wiki mbili, na kuacha mara vipele vinapotokea. Usijaribu hivyo kitu ambacho kilikwisha kukuunguza.

Ikiwa ni kifua, njia ya pili ndiyo msingi, lakini makubaliano na watu ndiyo yatakayokusaidia zaidi: nguo zifukizwe uani, chetezo kipite kabla wageni hawajaingia, na katika daladala au matatu yenye kining'inizo cha harufu ukae karibu na dirisha. Anayevimba midomo au kushindwa kupumua apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri.

Msusi, msingaji na anayefua kwa mikono wote huumia viganjani kwanza. Hao kupimwa ni karibu lazima, kwa sababu huenda wakalazimika kuchagua kati ya kiambato kimoja na riziki. Anayeishi Muscat au Dubai atapata bidhaa zisizo na manukato kwa urahisi kuliko sisi, na atakutana na moshi wa udi mahali pengi zaidi. Kwake njia ya kwanza hutosha kwa ngozi lakini haitoshi kwa kifua.

Bibi harusi mwenye historia ya vipele azungumze na somo au msingaji wake angalau wiki tatu kabla, wakati bado kuna nafasi ya ngozi kupona. Singo inaweza kusagwa bila karafuu na bila mlangilangi, liwa likatangulia kujaribiwa peke yake ndani ya kiwiko kwa siku kadhaa, na asumini ikahamia kwenye nywele za mashoga zake. Msingaji aliyezoea kazi atajua la kubakisha. Akinuna, akumbushwe kwamba picha za harusi hukaa muda mrefu kuliko harufu.